"Kunguru Hafugiki": Ndege Mla Mizoga na Dhana ya Mwandani katika Kiswahili na katika Simulizi za Kilimanjaro

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nafasi ya ndege mla mizoga kama mwandani wa binadamu katika lugha ya Kiswahili na katika fasihi simulizi inayohusiana na Kilimanjaro. Yanaanzia kwenye methali "Kunguru hafugiki", ambayo aghalabu hufasiriwa kuwa ni hukumu dhidi ya kiumbe asiye na shukrani. Kwa kuchanganua kauli ya kutendeka, matumizi ya kitenzi -fuga na upatanisho wa vimilikishi, makala yanadai kuwa methali hiyo haikanushi ukaribu baina ya mtu na ndege. Inakanusha umiliki tu. Dai hilo linapimwa kwa kisa cha Kichaga cha Murile, kwa hadithi ya Sultani Darai na kwa masimulizi ya kidini yanayomhusu kunguru. Sehemu ya mwisho inajadili mkanganyiko wa majina ya ndege hawa, na athari zake kwa uhifadhi na kwa watunzi na wafasiri wa bunilizi za kifantasia.

Utangulizi

Mpanda mlima anayefuata njia ya Marangu kwa kawaida hufika Horombo, takriban mita 3,700 juu ya usawa wa bahari, jioni ya siku ya pili. Kabla hajatua mzigo wake huwa amekwisha kupokelewa. Kunguru mkubwa mweusi, mwenye domo nene lenye ncha nyeupe na baka jeupe kisogoni, hutua juu ya jiwe lililo karibu na banda la kulia, akainamisha kichwa upande, akatazama. Wataalamu wa ndege humwita Corvus albicollis; kwa Kiswahili ni kunguru shingo-nyeupe. Hula mizoga, wadudu, matunda, makinda ya ndege wengine na mabaki ya chakula cha watu. Waongozaji huwatahadharisha wageni wafunge mikoba yao barabara na wasiiache nje, kwani ndege huyu amekwisha kujifunza kuvuta zipu. Yeye ndiye kiumbe wa porini ambaye mpanda mlima humwona kwa karibu zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Huambatana na misafara tangu eneo la vichaka hadi kwenye kambi za mawe matupu ambako hakuna mti wala jani.

Mtu akiulizwa huyo ni ndege wa nani, jibu halipo. Si wa mpagazi, si wa mgeni, na hata hifadhi ya taifa, iliyoanzishwa mwaka 1973, inamlinda bila kumfuga. Hata hivyo yumo katika picha za wasafiri, katika mazungumzo ya jikoni na katika hesabu ya kila mpishi anayeacha sufuria wazi. Uhusiano wa namna hii, wa kiumbe anayekaa na watu kila siku bila kuwa mali yao, ndio unaohojiwa hapa. Kiswahili kina methali inayouhusu moja kwa moja: "Kunguru hafugiki".

Methali hiyo imezoeleka mno kiasi kwamba maana yake inadhaniwa kuwa wazi. Katika mazungumzo ya leo, na katika nyimbo za taarabu na za muziki wa kizazi kipya, hutumiwa zaidi kumsema mtu, hasa mwanamke, ambaye ametunzwa kwa kila hali na bado hatulii nyumbani. Kwa matumizi hayo kunguru amekuwa kielelezo cha utovu wa shukrani. Uchanganuzi wa methali yenyewe hauungi mkono tafsiri hiyo.

Hafugiki si hafugwi

Neno hafugiki lina mofimu zinazojulikana: kiambishi ha- cha ukanushi wa nafsi ya tatu umoja, mzizi -fug-, kiambishi cha kauli ya kutendeka -ik-, na kiishio cha ukanushi -i. Mbadala wake ungekuwa hafugwi, kwa kauli ya kutendwa. Tofauti ya maneno hayo mawili si ndogo. Hafugwi inaeleza desturi: watu hawamfugi. Kauli hiyo inamruhusu mtenda aonekane, kwa kuwa mtu anaweza kusema "hafugwi na Waislamu" au "hafugwi na watu wa mjini". Hafugiki haikubali nyongeza hiyo. Sentensi "hafugiki na watu wa mjini" inakwaruza sikio la mzungumzaji mzawa, labda na ichukuliwe kwa maana ya "pamoja na". Kauli ya kutendeka inamwondoa mtenda katika tungo na kuiweka sifa yote ndani ya kitendwa, kama inavyosemwa kuwa mwandiko haususomeki au njia haipitiki, bila kumlaumu msomaji wala mpita njia.

Kwa hiyo methali inataja sifa ya maumbile. Anayeisema hatoi habari ya mtu aliyejaribu kufuga akasalitiwa. Mfugaji hayumo kabisa. Hapo ndipo matumizi ya methali kwa mwanamke yanapofanya jambo ambalo sarufi yake inalificha: yanamfanya mmoja wa wenzi wawili awe kitu cha kufugwa, kisha yanamwondoa mfugaji katika hukumu. Mhakiki wa nyimbo za mapenzi angefaa kuuliza mara kwa mara ni nani aliyetolewa nje ya tungo hiyo.

Lipo jambo la pili, la kisemantiki. Hakuna anayesema "papa hafugiki" au "radi haifugiki". Sifa hukanushwa pale ambapo msikilizaji angeweza kuidhania. Kunguru anakanushiwa kufugika kwa sababu anaonekana kama aliyekaribia kufugwa: analala katika miembe ya uani, anaamka na wenye nyumba, anajua saa ya kumwaga maji ya samaki, na anatambua mkono ulioshika jiwe na mkono ulioshika ukoko. Methali imetungwa na watu walioishi naye. Ukaribu ndio msingi wake, nao haukanushwi.

Kitenzi -fuga nacho kina mawanda mapana kuliko inavyodhaniwa. Watu hufuga ng'ombe, kuku na nyuki. Hufuga pia nywele, ndevu na kucha. Hufuga maradhi kwa kutoyatibu. Na wapo wanaosemwa kuwa hufuga majini. Katika matumizi yote hayo kuna mambo matatu: kitu kinaachwa kikue, kinawekwa chini ya mamlaka ya mtu, na kinatazamiwa kuzaa faida au madhara kwa huyo aliyekiweka. Ulaji wa taka si kigezo. Kuku wa kienyeji hushinda jaani akipekua kama kunguru apekuavyo, na bado hufugwa bila mjadala. Tofauti ni kwamba kuku huliwa, na mayai yake huliwa. Mbwa na paka hawaliwi, lakini chakula chao ni ujira: mmoja hulinda, mwingine hukamata panya. Kunguru hali kwa ujira wala haliwi. Sheria za vyakula za Uislamu na za Agano la Kale zinamwondoa katika sahani, na tabia yake inamwondoa katika zizi. Anabaki kuwa mlaji mwenza.

Kwa uhusiano huo Kiswahili kina kitenzi kingine, nacho ni -zoea. Kunguru amezoea watu. Watu wamemzoea kunguru. Tofauti na -fuga, ambacho kina bwana na mfugwa, -zoea huweza kwenda pande zote mbili, na ndiyo maana -zoeana ni neno la kawaida ilhali -fugana ni neno la mzaha.

Upatanisho wa kisarufi unathibitisha mgawanyo huo kwa njia isiyotarajiwa. Nomino za viumbe hai zenye umbo la ngeli ya N- huchukua upatanisho wa A-WA, lakini zile zinazotaja udugu na urafiki hubakia na kimilikishi cha umbo lake: baba yangu, dada yangu, rafiki yangu. Wanyama husemwa mbwa wangu, paka wangu, punda wangu, japo katika wingi ng'ombe zangu na mbuzi zangu husikika sana, na baadhi ya wanasarufi huukubali wingi huo kuwa sanifu. Mnyama anayefugwa, basi, humilikiwa kwa wangu, na mwandani kwa yangu. Mtu anayesema "kunguru wangu" anaonekana anatania, na anayesema "rafiki yangu kunguru" anaonekana anasimulia ngano. Katika methali zinazojulikana sana, kunguru humiliki lakini hamilikiwi: "Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake". Mali yake ni ubawa, na mwenye ubawa huo ni yeye.

Murile na ndege waliokataliwa

Kilimanjaro ina kisa kinachoipima hoja hii kwa undani zaidi kuliko methali. Ni kisa cha Murile, ambacho katika baadhi ya matini huandikwa Mrile, kilichoandikwa na wamisionari wa Kilutheri wa Kijerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Old Moshi kwa miaka mingi, ndiye anayetajwa zaidi miongoni mwao. Kisa hicho kimefika katika mikusanyo mingi ya kimataifa, na aghalabu huhakikiwa kama ngano ya asili ya moto. Wanyama wake hawajapewa uzito unaostahili.

Kwa muhtasari, Murile alikwenda na mama yake kuchimba magimbi, akaliona gimbi moja zuri kama mdogo wake mchanga. Akalificha katika tundu la mti, akalifanyia maneno, likageuka mtoto. Kila siku akawa anajinyima chakula na kukipeleka mtini. Mama alipoona mwanawe anakonda, akamfuatilia, akamwona mtoto yule, akamuua. Murile akalia, akaketi juu ya kigoda, akakiamuru kipae, nacho kikapaa hadi mbinguni. Huko akapita kwa watu wa kazi mbalimbali akiwauliza njia, mpaka akafika kwa Mfalme Mwezi, ambaye watu wake walikula chakula kibichi kwa kuwa hawakuujua moto. Akawafundisha kuupekecha, akalipwa ng'ombe na mali. Alipotaka kurudi kwao aliona ni vyema kutanguliza mjumbe, akawaita ndege mmoja mmoja, akiwamo kunguru, na kumwuliza kila mmoja: nikikutuma, utasema nini? Kila mmoja akajibu kwa mlio wake tu, akafukuzwa, mpaka akapatikana ndege mwigaji aliyeweza kuyasema maneno yenyewe. Safarini Murile akachoka. Fahali mmoja akajitolea kumbeba kwa sharti kwamba asije akaila nyama yake atakapochinjwa. Murile akaahidi. Miaka ikapita, fahali akachinjwa, mama akayahifadhi mafuta yake na kuyatia katika chakula cha mwanawe bila kumwambia. Murile alipoonja, mafuta yakamsemesha, naye akaanza kudidimia ardhini hadi akatoweka.

Viumbe watatu wanasimama kando ya Murile katika kisa hiki, na kila mmoja amefungwa naye kwa chakula. Gimbi-mtoto analishwa. Huyu ndiye mfugwa kamili: amefichwa, ametunzwa kwa sehemu ya chakula cha mwenye kumfuga, na hana maisha nje ya mkono unaomlisha. Ufugaji huo unavunjika mara moja jirani anapotia mkono, na jirani huyo ni mama mzazi. Fahali naye ni mwandani kwa mkataba. Anabeba, na malipo yake ni kutoliwa. Kisa kinaonyesha kwamba mkataba wa aina hiyo hauwezi kudumu katika kaya inayofuga ng'ombe ili iwale. Mafuta yatafika mdomoni kwa njia moja au nyingine, na atakayeyatia katika chungu atakuwa mtu anayekupenda.

Kati ya hao wawili wamo ndege. Kunguru anakataliwa kwa kosa la lugha: anaulizwa atasema nini naye anatoa sauti yake mwenyewe. Kosa hilo linahitaji kutazamwa vizuri, kwa sababu si uzembe wala si usaliti. Kunguru wa Murile hadanganyi, haibi na hakatai kwenda. Anakataliwa kwa kuwa hawezi kuwa chombo cha neno la mwingine. Anayechaguliwa ni mwigaji, ndege ambaye sauti yake haijulikani ni ipi. Mwandani anayefaa kutumwa, kwa mantiki ya kisa, ni yule aliye tayari kuliweka kando neno lake. Hapa "hafugiki" inapata maana ya kimatini: kunguru hafugiki kwa kuwa hasemeshwi.

Msomaji anaweza kupinga kwamba orodha ya ndege waliokataliwa ni mbinu tu ya takriri, inayompa fanani nafasi ya kuigiza milio na kuwachekesha watoto. Ni kweli kwamba kazi hiyo ipo, na bila shaka ndiyo iliyowafurahisha wasikilizaji wa jioni. Hata hivyo takriri haifuti mpangilio. Yule aliyelishwa na Murile aliuawa, na yule aliyembeba Murile alichinjwa, na kwa kumla Murile mwenyewe aliangamia. Ndege waliofukuzwa ndio pekee wanaotoka katika kisa salama, wakiwa na milio yao.

Jaani pasipo ndege

Hadithi ya Sultani Darai, iliyochapishwa na Edward Steere katika mkusanyo wake wa hadithi za Unguja mwaka 1870, inaleta picha iliyopinduliwa. Masikini mmoja hushinda jaani akipekua vumbi apate punje za kula. Siku moja anaokota sarafu, ananunua paa, na paa huyo anayesema anamtafutia nguo, mke wa kifalme na nyumba kubwa. Paa anapougua, bwana wake anamtupa; paa anafariki kwa masikitiko, na yule tajiri anaamka siku moja yuko jaani akipekua kama awali.

Katika hadithi hii mla jalala ni binadamu, naye mwandani ni mnyama safi, mwenye mwendo wa madaha, anayekula chakula bora na kunyimwa baadaye. Masimulizi mengi ya wanyama wasaidizi, si ya Kiswahili pekee, yana mgawanyo huo: msaidizi huwa paa, farasi, paka au njiwa. Mla mizoga hutengewa nafasi ya mnafiki au ya mjumbe wa mauti. Kisa cha Sultani Darai kinatia doa mgawanyo huo kwa sababu kinaonyesha kwamba jaa ni mahali, na kwamba yeyote anaweza kurudishwa huko. Paa alimilikiwa kwa sarafu. Alikuwa "paa wangu" kabla hajawa rafiki, na alipougua akarudi kuwa kitu. Kunguru wa jaani, ambaye fanani hakumtaja ijapokuwa hapana shaka alikuwapo, asingeweza kununuliwa wala kutupwa.

Kunguru mlishaji na kunguru mwalimu

Wasikilizaji wa Moshi na wa pwani wanamjua kunguru pia kutoka katika vitabu vitakatifu, na huko habari zake hazilingani na sifa yake ya mtaani. Katika kisa cha Nuhu anatangulizwa nje ya safina kabla ya njiwa, naye huenda huku na huko. Mapokeo ya wafafanuzi wengi, ya Kikristo na ya Kiislamu, yanasema alikawia kwa ajili ya mizoga. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, mlango wa 17, mambo yanageuka: kunguru wanamletea Eliya mkate na nyama asubuhi na jioni alipojificha penye kijito cha Kerithi. Mlaji ndiye mlishaji, na nabii ndiye anayeishi kwa kuletewa. Katika Qurani, sura ya Al-Maida, aya ya 31, kunguru anapelekwa kufukua ardhi ili muuaji wa ndugu yake aone namna ya kuusitiri mwili. Mwanafunzi wa kwanza wa maziko alifundishwa na ndege ambaye angeweza kuufanya mwili ule kuwa chakula. (Kiswahili kinaliita neno la urafiki wa siri mwandani, na shimo la ndani ya kaburi mwanandani. Ukaribu wa maumbo hayo ni wa ndani, na hautoshi kujengea nadharia, lakini unafaa kukumbukwa.)

Visa vyote vitatu vinakubaliana katika jambo moja: kunguru hatumwi na mtu kwa mafanikio. Nuhu alimtuma, hakuleta jibu. Kwa Eliya na kwa mwana wa Adamu alitumwa na Mungu, na kazi ikafanyika. Mgawanyo huu unawiana na ule wa Murile kwa namna ya kushangaza, ingawa hakuna haja ya kudai kuwa kisa kimoja kimezaa kingine. Kwingineko duniani yapo mapokeo tofauti. Mungu Odin wa watu wa Skandinavia alikuwa na kunguru wawili waliozunguka dunia na kumrudishia habari masikioni, na ndiyo asili ya kunguru wengi wa bunilizi za kifantasia za leo wanaokaa mabegani mwa wachawi. Kunguru wa begani anasema. Kunguru wa Kilimanjaro anakataa.

Tai, tumbusi na sumu

Mla mizoga mkubwa kuliko kunguru ana tatizo la msingi zaidi: jina. Katika Biblia ya Kiswahili iliyozoeleka zaidi, neno tai linatumika Isaya 40 kwa ndege wa kupaa juu kwa nguvu mpya, na neno hilohilo linatumika Mathayo 24 kwa ndege wanaokusanyika penye mzoga. Lawama si ya wafasiri. Neno la Kiebrania nesher, la Kigiriki aetos na la Kiarabu nasr yana mawanda yanayowachanganya ndege hao wawili kwa viwango tofauti. Lakini Kiswahili kilikuwa na njia ya kuwatenganisha. Neno tumbusi lipo, nalo linamtaja mla mizoga mwenye kichwa na shingo zenye manyoya haba. Wanabiolojia wanaoandika kwa Kiswahili hulitumia. Katika mazungumzo ya kila siku ya bara limefifia mbele ya tai, na vijana wengi wa mjini wanaposikia tai hukumbuka kwanza kile kinachofungwa shingoni siku ya harusi.

Mkanganyiko huu una gharama. Mwaka 2015 spishi sita za tumbusi wa Afrika zilipandishwa katika ngazi za juu za hatari katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Nne kati yake, akiwamo tumbusi mgongo-mweupe, ziliwekwa katika ngazi ya hatari kubwa kabisa. Sababu kuu ni sumu. Mfugaji aliyeliwa ng'ombe na simba au fisi hutia sumu katika mzoga, na tumbusi, ambao hula kwa makundi, hufa kwa makumi kwenye mzoga mmoja. Wawindaji haramu nao huwaua ili mzunguko wao angani usiwaonyeshe askari wa wanyamapori mahali tembo alipoangushwa. Wengine huuawa kwa ajili ya viungo vyao katika tiba na ramli. Tangazo linalomwomba mfugaji wa tambarare zilizo chini ya Kilimanjaro "kumlinda tai" linamfikia mtu ambaye tai, kwake, ni yule anyakuaye mwanakondoo hai. Anachoombwa kukilinda ni adui wa zizi lake. Tumbusi hanyakui mwanakondoo. Miguu yake haina nguvu ya kushika na kubeba. Neno moja lingetenganisha mwizi na msafishaji.

Usafishaji wenyewe si tamathali tu. Tumbo la tumbusi lina asidi kali inayoweza kuua vimelea vingi vya maradhi yanayobaki katika nyama iliyooza, kimeta kikiwamo. Nchini India, tumbusi walipokufa kwa mamilioni katika miaka ya 1990 kwa sababu ya dawa ya diklofenaki waliyopewa ng'ombe, mizoga ilibaki kwa mbwa, na mbwa wakaongezeka. Kisa cha kunguru wa Bara Hindi kinaelekea upande mwingine. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili asaidie kuondoa taka za mji. Akazaana, akaenea pwani nzima, akawashambulia ndege wa asili, na mwaka 2024 mamlaka za wanyamapori za Kenya zilitangaza mpango wa kuwaangamiza milioni moja. Huo ulikuwa ufugaji rasmi wa kunguru: kiumbe akachukuliwa, akapewa kazi, akatazamiwa faida. Wazee wa pwani hawakuhitaji ripoti ili kujua mwisho wake, methali ilikuwapo.

Jina la mwandani asiyefugwa

Masuala haya yanamrudia mtunzi na mfasiri kwa namna ya moja kwa moja. Bunilizi za kifantasia za watoto na vijana, pamoja na michezo ya kompyuta, zimejaa ndege walao mizoga wanaofuatana na shujaa: humwonyesha njia, humwokotea vitu, hula maiti za maadui wake. Mfasiri anayetaka kumwita ndege huyo kwa Kiswahili ana machaguo kadhaa, na kila moja linabeba nadharia. "Ndege wa kufugwa" linamtia zizini na kumfanya kuku. "Ndege kipenzi", istilahi inayoenea kwa wanyama wa majumbani mijini, linamweka mapajani na kumnyang'anya domo lake. "Mtumishi" linampa ujira. "Ndege mwandani" linafaa zaidi, kwa sharti kwamba mtunzi akumbuke kuwa neno hilo linamtaka ndege awe ndani, ilhali nguvu ya mla mizoga ni kukaa ukingoni, kati ya uani na pori. Lipo pia "mwenzi wa safari", ambalo halina umiliki wala ndani, na ambalo linakubali kimilikishi cha urafiki bila mzozo: mwenzangu.

Uchaguzi huo unaathiri hata sarufi ya usimulizi. Ndege akiitwa kipenzi, sentensi zitamfanya shamirisho: atalishwa, ataitwa, atatumwa. Akiitwa mwenzi, atakuwa kiima: atakuja, atakula, ataondoka. Mtunzi anayeiweka hadithi yake Kilimanjaro atakuta mfano wake uko tayari. Kanuni za hifadhi zinakataza kuwalisha wanyama, na kunguru wa Horombo hajalishwa rasmi na mtu yeyote. Anajua saa ya chai. Msafara ukifunga mizigo alfajiri kuelekea Kibo, hutangulia, na wapagazi wanapofika juu humkuta yupo juu ya jiwe, akiwasubiri.